Siku Niliyoomba Kipaza Sauti Korogwe

Nakumbuka asubuhi moja pale Korogwe, mwanangu, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kiatu kimoja nimekivaa na kingine nimekishika mkononi, nikashindwa kukivaa. Sikuwa na homa. Mguu haukuniuma. Nje wenzangu wa timu walikuwa wakiniita na kupiga makofi kama walivyozoea kuniamsha kwa mazoezi, na mimi nilikuwa nakitazama kile kiatu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Wakaita mpaka wakachoka, wakaenda zao. Nikajilaza tena, uso nikaugeuzia ukutani.

Tulia kwanza nikueleze nilikuwa nani wakati huo, maana ukiyatazama magoti haya ya leo huwezi kuamini.

Nilizaliwa Sindeni, huku kwetu Handeni, kwa wakulima wa mahindi na mihogo. Adui yetu mkubwa shambani alikuwa ngedere. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kukaa juu ya dungu, ule ulingo wa miti unaojengwa katikati ya shamba, na kuwatimua kwa mawe. Nilirusha mawe mpaka bega la kulia likawa pana kuliko la kushoto. Na ngedere akifanikiwa kuondoka na hindi, nilishuka mbio nikamfuata mpaka porini, si kwa sababu ya hindi, ni kwa hasira tu. Basi baada ya Uhuru shule ilipofunguliwa karibu na kwetu, mwalimu wa michezo, Mwalimu Mhando, alinipa mkuki nirushe. Ukapita uwanja wote ukatua kwenye mchicha wa mwalimu mkuu.

Mwalimu Mhando akaufuata kwa macho, kisha akanigeukia mimi. "Binti, nani amekufundisha?"

"Ngedere, mwalimu."

Alicheka siku nzima yule mzee, Mungu amrehemu. Lakini kuanzia hapo hakuniacha. Nikarusha mkuki, nikakimbia mita mia nne, nikacheza netiboli nafasi ya kati, na pale timu ya kuvuta kamba ilipopungukiwa mtu niliitwa mimi. Wengine walikuwa na mchezo wao. Mimi kila kitu chenye mstari na filimbi kilikuwa changu.

Miaka ile ya Ujamaa kila kiwanda na kila shamba la umma lilitaka kuwa na timu. Shamba moja la mkonge pale Korogwe likanichukua kazi, nikawa naanika singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, juu ya kamba uwanjani asubuhi, na jioni nafanya mazoezi. Mwalimu Mhando naye alikuwa amehamishiwa hapo kuwa kocha wetu. Nikaingia timu ya mkoa. Nikachaguliwa timu ya taifa. Nikapanda ndege, mwanangu, mimi ambaye hata treni nilikuwa naiogopa, nikaenda nchi ya jirani nikarudi na medali ya mkuki na nyingine ya mbio. Siku niliyorudi Korogwe watu walijaa stesheni. Walinibeba mabegani kutoka kwenye behewa, kina mama wakipiga vigelegele, na mtu mmoja ambaye sijamjua mpaka leo alinivisha shada la maua ya mkonge, likanikwaruza shingo yote.

Sasa sikiliza. Ugonjwa wangu ulikuja baada ya hapo. Haukuja nilipokuwa na shida. Ulikuja nikiwa juu kabisa, jina langu linasomwa redioni.

Kwanza usingizi ulinipotea. Halafu chakula kikawa kama majani ya kutafuna. Halafu nikaanza kulia nikiwa kazini, nimejificha katikati ya singa zilizoanikwa, nikijifuta kabla msimamizi hajafika. Wenzangu waliniuliza, "Mwajabu, una nini? Wewe umekosa nini?" Na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa sijakosa kitu. Kama ningekuwa nimefiwa, ningejua ninalia nini. Siku hizi mnauita sonona, mnalo jina lake. Sisi hatukuwa nalo. Mmoja alisema naringa. Mwingine akasema nimetupiwa jicho na washindani wangu. Mwalimu Mhando alidhani nimechoka, akanipa mapumziko, nikayamaliza nikiwa vilevile. Nilimwona anazidi kukonda kwa wasiwasi juu yangu, nami nikazidi kujiona mzigo. Ikafika mahali nikawa nawaza kwamba kama nisingekuwepo, watu wote hawa wangepumua.

Asubuhi ile ya kiatu ndipo Mwalimu Mhando alipotuma gari la shamba likamlete mama yangu kutoka Sindeni.

Mama alifika na kikapu cha bada, ule ugali wetu wa makopa ya muhogo, na samaki wa kukausha, kana kwamba tatizo ni njaa. Alinitazama. Alinivisha kile kiatu kingine kwa mkono wake, akanishika, tukaenda zahanati.

Pale zahanati palikuwa na nesi mmoja, mwanamke wa Kishambaa kutoka milimani, jina lake Ruthi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kabla ya kuja Korogwe alikuwa amefanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kule juu, hospitali ambayo sisi watu wa bondeni tuliitaja kwa kunong'ona. Alinipima damu, akatazama macho, akasikiliza moyo. Kisha akamwomba mama akae hapohapo, wala asitoke nje.

"Malaria huna," akasema. "Sasa niambie, usingizi ukoje?"

Nikamwambia. Akauliza chakula, nikamwambia. Akauliza kama kuna siku natamani nisiwepo duniani. Nikamtazama mama.

"Usimtazame mama. Nitazame mimi."

Nikasema ndiyo. Mama alishika mdomo, lakini hakulia. Nami nikaanza kumwomba Nesi Ruthi asiseme kwa mtu yeyote, aandike malaria, watu wasijue, timu isijue. Hapo ndipo aliponikaripia, karipio ambalo nimekaa nalo maisha yangu yote.

"Wewe Mwajabu, mwaka jana ulitegua kifundo cha mguu. Ulikuja hapa unachechemea, umeshikwa na watu wawili, unapiga kelele mpaka sokoni wamesikia. Uliona haya?"

"Hapana, nesi."

"Mguu ukiteguka unalia mbele ya mji mzima, kichwa kikiteguka unafunga mlango. Kwa nini? Kichwa si chako? Uliazima kwa mtu?"

Mama akacheka. Sikutegemea, naye hakutegemea. Kicheko kilimtoka tu, kwa jinsi yule mwanamke mfupi alivyosimama amejishika kiuno. Nesi Ruthi akaendelea bila kutabasamu, akatueleza kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, una watu wanaoujua, na unapona. Alinipa vidonge. Alitaka nirudi kwake kila wiki tuongee. Na akamwagiza mama anichukue nyumbani kwa muda, nisiachwe peke yangu, nisilazimishwe kufurahi.

"Akitaka kukaa kimya, kaa naye kimya," alimwambia. "Lakini kaa naye."

Basi tukapanda lori mpaka Chanika, pale Handeni mjini, na kutoka hapo tukapata usafiri wa Sindeni. Kijiji chetu kilikuwa kimekwishakuwa cha Ujamaa, watu wamehamia pamoja, kuna shamba la ushirika ambalo kila kaya inapeleka jembe. Mama alinipeleka huko kila asubuhi kama mtoto. Sikulima. Nilikaa pembeni nikiwa na mtungi wa maji, nikiwapa kina mama wanywe. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Mama alikuwa amewaambia wazi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wote: "Mwanangu anaumwa kichwa cha ndani, anatumia dawa, msimsumbue na maswali." Wakasema pole, wakaendelea kulima. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Na kila wiki mama alinirudisha Korogwe kwa Nesi Ruthi, safari ya vumbi kwenda na vumbi kurudi, wala hakulalamika.

Vidonge havifanyi kazi kwa siku moja, nikwambie ukweli. Kwa muda niliona hakuna kinachobadilika. Lakini nilianza kulala. Kisha siku moja nikasikia harufu ya samaki anayekaangwa, nikatamani kula.

Halafu ikaja ile siku ya rede.

Kina mama walikuwa wamemaliza kupalilia mapema, jua bado lipo. Wasichana wakachukua mpira wa matambara wakaanza kucheza rede pembeni ya shamba. Unaijua rede: wawili wanarusha kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anakwepa. Wakamchokoza mama yangu aingie katikati. Mama alikuwa mnene, mwanangu, mwenye heshima zake, anayetembea polepole kila mahali. Akakataa. Wakaimba jina lake. Akafunga kanga kiunoni akaingia.

Ule mpira wa kwanza ulipokuja, mama aliruka. Sijui aliupata wapi ule wepesi. Akakwepa wa pili kwa kuinama, wa tatu kwa kuzunguka kama pia, kina mama wanapiga kelele, mwenyekiti wa kijiji ameacha jembe lake anakodoa macho. Mama akaanza kuringa. Akamtolea ulimi yule binti aliyerusha. Na mpira uliofuata ukampata sawasawa mgongoni, akapoteza mwelekeo, akakaa chini tifu juu ya lundo la magugu, miguu juu, kilemba kimeshuka puani.

Nikacheka. Kicheko kilinitoka tumboni, kikanishika mbavu, machozi yakashuka. Nilipoangalia, kina mama wote walikuwa wameacha kumtazama mama wananitazama mimi. Mama naye, palepale juu ya magugu, akaanza kupiga vigelegele kama vile mimi ndiye niliyeshinda.

"Kacheka!" akapaza sauti. "Jamani, Mwajabu kacheka!"

Wakaja wote wakanikumbatia na majembe yao na jasho lao. Nilikuwa nimebebwa stesheni na mji mzima, lakini nakwambia, zile shangwe za stesheni hazikufikia hata nusu ya hizi.

Nikaingia katikati kucheza mwenyewe. Nilitolewa kwa mpira wa kwanza tu. Sikujali.

Nilirudi Korogwe kidogo kidogo, kazi kwanza, kisha mazoezi mepesi, na kwa Nesi Ruthi kila alipopanga. Kufika msimu wa mashindano ya mkoa nilikuwa nakimbia tena. Mwaka huo mashindano yalikuwa hapohapo Korogwe, na viongozi wa michezo walikuwa wamekuja kuchagua timu ya taifa. Asubuhi hiyo Mwalimu Mhando aliniita pembeni. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Mwajabu, watauliza ulikuwa wapi msimu mzima. Sema malaria. Malaria kila mtu anaijua. Ukisema lile lingine watakuogopa, watakuacha."

Alisema kwa upendo, namjua. Na inawezekana alikuwa sahihi. Nikamwitikia, "Sawa, mwalimu."

Mtangazaji alikuwa amesimama juu ya tela la kubebea mkonge, ana kipaza sauti cha betri mkononi, anawataja wanariadha mmoja mmoja. Alipofika kwangu akapandisha sauti: "Na huyu ni Mwajabu wetu, simba jike wa Handeni! Alikuwa taabani kwa malaria kali, leo amerudi!"

Watu wakashangilia. Mimi nikaona mkono wangu umeinuka. Nikasogea kwenye tela nikamwomba kile kipaza sauti. Alidhani nataka kusalimia, akanipa.

Nikasema shikamooni wazazi wangu. Wakaitikia. Nikasema, "Haikuwa malaria. Nilikuwa naumwa akili. Nilikuwa silali, sili, nalia bila sababu, na nilitamani kufa. Nimetibiwa hapahapa Korogwe, kwa dawa na kwa watu. Nimepona. Kama kuna mwenzangu hapa anaumwa hivyo, zahanati ipo, na mimi nipo."

Nilisikia bendera zikipigwa na upepo. Nilimwona Mwalimu Mhando amejifunika uso kwa kofia. Kisha kutoka nyuma, upande wa kina mama, sauti kubwa ikasema, "Kichwa chake mwenyewe, hakuazima!" Alikuwa Nesi Ruthi. Kicheko kikaanzia kwao kikazunguka uwanja mzima, kicheko kizuri, kisha makofi.

Kiongozi mmoja wa uchaguzi, mzee mkavu mwenye miwani, akanisogelea. "Hayo nimesikia," akasema. "Na mbio je?"

"Mbio zipo, mzee."

"Haya, nenda ukatuonyeshe."

Sikushinda, mwanangu, nisikudanganye. Binti mmoja wa Tanga mjini aliniacha mita za mwisho. Mkuki pia nilipitwa. Lakini walinichukua kwa ajili ya mbio za kupokezana vijiti, na Mwalimu Mhando aliposikia jina langu likisomwa alirusha ile kofia juu, ikatua kwenye mti, sijui kama alikuja kuipata.

Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata. Mashindano yalipokwisha, nikiwa nakunywa maji, akaja Rajabu. Rajabu alikuwa golikipa wa timu yetu ya mpira, mkata mkonge, jitu refu ambalo washambuliaji waliliogopa kulisogelea. Akasimama mbele yangu anakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu kama mtoto wa shule.

"Dada Mwajabu, ile hali ya kutolala," akasema. "Mimi ninayo tangu mwaka juzi."

Tukaenda pamoja kwa Nesi Ruthi siku iliyofuata. Na baada ya Rajabu akaja mwingine, na mwalimu wa shule moja, na mama mmoja aliyetoka mbali amemfunika binti yake kanga gubigubi, akaniuliza kama ni mimi yule wa kipaza sauti.

Ndivyo kazi yangu nyingine ilivyoanza. Kila timu yetu ilipokwenda kucheza kijijini, huku Handeni na kule Korogwe, kabla ya filimbi nilipewa nafasi niseme. Rajabu alisimama pembeni yangu na glovu zake, naye akasema lake, na wanaume walimsikiliza kwa sababu ya ule mwili. Watu waliamini tutaoana. Akaenda akamwoa binamu yangu! Wapo waliotubeza, wapo walioniita kichaa wa mbio, na kuna kijiji kimoja waliwaficha watoto wasituone. Tulicheza mpira wetu, tukasema maneno yetu, tukaondoka. Msimu uliofuata walituita wenyewe.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ile Nesi Ruthi alipotupandisha kule milimani, kwenye ile hospitali ya kunong'onwa, tukacheze na wagonjwa. Wachezaji walikuwa wameshika viti njia nzima. Tulipofika tukakuta watu wamepanga mistari ya chokaa, wamechemsha chai, wanatungoja. Tukakimbia mbio za magunia, Rajabu akaanguka hatua ya kwanza. Kisha tukavuta kamba. Upande mmoja sisi, wanamichezo wa shamba, na mimi mwenye medali. Upande wa pili wagonjwa na wauguzi wao, na mwanamke mmoja mwembamba akihesabu kwa sauti kule mbele. Walituburuza. Walituburuza mpaka tukalala kifudifudi kwenye majani, na yule mwanamke mwembamba akaja akaniinua, akanipangusa fulana yangu ya michezo, akaniambia pole sana, rudi tena ukiwa umekula. Tulicheka wote mpaka chai ikapoa.

Ugonjwa ulinirudia baadaye, baada ya kumzaa mwanangu wa pili. Safari hiyo niliujua kwa hatua zake za kwanza, nikapanda basi mapema kwenda zahanati, sikungoja kushindwa kuvaa kiatu. Nikatibiwa, nikainuka. Na hivi unavyoniona nimezeeka nikiwa na wajukuu na kelele zao.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kichwa kikikuuma kwa ndani, sema. Sema mapema, sema kwa jina lake, usikipe jina la malaria. Nenda hospitali kama unavyokwenda ukiumia mguu, unywe dawa kama ulivyoambiwa, uwe na subira nayo. Usingoje kuwa na sababu ya kuumwa. Mimi sikuwa nayo na niliumwa. Na siku mwenzako akikuambia wewe, usimuulize amekosa nini. Mpelekee chakula, kaa naye, na ukiona anataka kimya, nyamazeni pamoja. Na kucheza usiache, hata ukiwa na umri kama wa mama yangu, hata ukianguka watu wakuone.

Mwenyezi Mungu akujaalie miguu myepesi na usingizi mtamu. Akupe kicheko kinachotoka tumboni, na siku kitakapokupotea akupe mtu wa kukaa nawe mpaka kirudi; na siku kitakapompotea mwenzako, akufanye wewe kuwa mtu huyo. Amina.